Kifyonza vumbi cha kusimama kwa nyumba yenye mbwa na mtoto mwenye pumu

Kutoka: mwanachama, Minneapolis (nyumbani Kakamega)

Ndugu zangu wa Kakamega, Kisumu na Nakuru, popote mlipo, nawasalimu.

Tumehamia fleti ya kupanga ambayo sakafu yake yote, isipokuwa jikoni na bafuni, imefunikwa kwa zulia lililogundishwa kutoka ukuta hadi ukuta. Mtoto wetu wa pili, ambaye kule nyumbani alikuwa akikohoa mara chache tu wakati wa baridi, sasa anapiga chafya kila asubuhi na kifua kinamkoroma usiku. Daktari amempima na kutuambia kwamba ana pumu, na kwamba ana mzio wa paka, wa mbwa na wa utitiri wa vumbi, yaani vidudu vidogo mno vinavyoishi kwenye vumbi la nyumba. Sisi tuna mbwa mdogo mmoja. Paka alikuwa wa mpangaji aliyetutangulia.

Tumeshauriwa kununua kifyonza vumbi cha kusimama, lakini dukani kila boksi linadai kwamba mashine iliyomo ndiyo bora kwa wenye wanyama na wenye mizio. Zaidi ya hayo, mama mkwe aliyeko Nakuru, ambaye naye huhangaishwa na mafua ya vumbi, ameomba tumnunulie kama hicho tutakachochagua. Naomba mwongozo wa wenye uzoefu.

Kutoka: mwanachama, Kisumu (aliyerejea kutoka Uingereza)

Dada yetu, pole sana kwa mtoto. Kabla ya kurudi Kisumu nilifanya kazi ya usafi katika nyumba za wazee huko Uingereza, na nyingi kati ya nyumba hizo zilikuwa na paka au mbwa, kwa hiyo mashine hizi nimezishika kwa mikono yangu. Jambo ninaloomba mlitangulize mbele ya bei, rangi na ukubwa wa mota ni hili: kwa mgonjwa wa pumu, ubora wa mashine hupimwa kwa uwezo wake wa kukizuia ndani kile ambacho imeshakivuta.

Sababu iko katika chanzo chenyewe cha mzio. Wengi hudhani kwamba kinachodhuru ni manyoya, lakini kinachomsumbua mtoto ni protini. Kwa paka, protini iliyo kuu huitwa Fel d 1, nayo hutoka katika mate na katika tezi za ngozi yake. Paka anapojilamba, protini hiyo hukauka juu ya manyoya na magamba ya ngozi, kisha hubanduka kwa chembe ndogo mno zinazoweza kuelea hewani kwa saa nyingi na kunata kwenye zulia, mapazia, makochi na hata nguo. Ndiyo maana nyumba iliyowahi kuwa na paka huweza kuendelea kumdhuru mwenye mzio kwa miezi kadhaa baada ya paka kuondoka, na ndiyo maana mtoto wako anaugua kwa ajili ya mnyama ambaye hajapata kumwona. Mbwa ana protini zake, mojawapo ikiwa Can f 1. Utitiri wa vumbi hauonekani kwa macho, na kinacholeta mzio zaidi ni kinyesi chake, ambacho hujaa kwenye magodoro, mito na mazulia na hurushwa hewani kila vinapotikiswa.

Sasa fikiria mashine yenye mota kali na kichujio hafifu. Inazinyanyua chembe hizo kutoka zuliani zilikotulia, kisha inazipuliza kwa nyuma hadi kwenye kimo cha pua ya mtoto. Zulia litaonekana safi, na usiku kifua kitakuwa kibaya zaidi.

Kichujio kinachofaa ni HEPA halisi. Kwa kipimo cha Marekani, HEPA hunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa mikroni 0.3, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Ulaya hutumia madaraja: H13 hunasa asilimia 99.95, na H14 hunasa asilimia 99.995, za chembe zenye ukubwa ulio mgumu kuliko wote kunaswa. Boksi likiandikwa kwamba kichujio ni cha namna ya HEPA, au kinafanana na HEPA, bila asilimia wala daraja, liache pale pale lilipo.

Hata hivyo, kichujio kizuri ndani ya mashine inayovuja hakina faida, kwa sababu hewa hutafuta njia iliyo rahisi, nayo itapita kwenye mfuniko usiobana au kwenye maungio ya bomba badala ya kupita kwenye kichujio. Uliza kama mashine nzima imezibwa isivuje na kama imepimwa ikiwa nzima. Huko Marekani lipo jaribio la ASTM F1977 linalopima jinsi mashine nzima inavyochuja, na Asthma and Allergy Foundation of America ina mpango wa kuidhinisha bidhaa za nyumbani, vifyonza vumbi vikiwemo. Walio Uingereza watafute alama ya Allergy UK. Ukishanunua, iwashe katika chumba chenye giza, uipitishe kwenye sehemu yenye vumbi na umulike tochi pembeni mwa mfuniko na maungio. Vumbi likionekana likitoka, irudishe dukani ungali na risiti.

Kuhusu mfuko wa ndani au chombo cha plastiki cha kumwaga, mimi huchagua mfuko bila kusita. Chombo cha kumwaga huonekana kuwa nafuu kwa sababu hununui mifuko, lakini siku ya kukimwaga sehemu ya vumbi ulilolikusanya hukurudia usoni. Mfuko mzuri wa kitambaa kisichofumwa hujifunga mdomo unapotolewa, nao hutupwa ukiwa mzima. SEBO, kampuni ya Kijerumani, bado hutengeneza vifyonza vya kusimama vyenye mifuko; Marekani zipo pia chapa nyingine, ingawa rafu nyingi zimejaa visivyo na mifuko. Ukilazimika kuchukua cha namna hiyo, kimwage nje ya nyumba, asiye na mzio akiwa amevaa barakoa, na umwagie ndani ya gazeti lililoloweshwa kidogo.

Cha kusimama kina faida ya kweli kwenye zulia kama lenu, kwa sababu ya brashi inayozunguka chini yake, ambayo hupiga nyuzi na kutoa manyoya yaliyojisokota humo. Hakikisha brashi hiyo inaweza kuinuliwa au kushushwa kulingana na unene wa zulia, inaweza kuzimwa unapofika kwenye vigae, na inatolewa kwa urahisi ili ukate manyoya na nywele zinazojiviringisha kwenye mhimili wake. Kwa nyumba yenye mbwa, kazi hiyo ya kukata haiepukiki. Tafuta pia kibrashi kidogo cha kuzunguka kwa ajili ya makochi na ngazi. Pima uzito kwa kuinyanyua wewe mwenyewe, kwa maana nyingi huwa na kilo sita hadi nane, na mtu mwenye maumivu ya mgongo ataiacha kabatini.

Wati zisikutishe wala zisikuvutie. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha wati 1600 mwaka 2014, kisha wati 900 mwaka 2017, na mazulia ya Ulaya yameendelea kusafishwa vizuri tu. Wati ni kiasi cha umeme ambacho mota inakula.

Nafurahi kila ninapokumbuka kwamba kifyonza cha umeme cha kusimama kilibuniwa na mgonjwa wa pumu. James Murray Spangler alikuwa mfanya usafi katika duka moja mjini Canton, Ohio, na vumbi la ufagio lilimwumiza kifua; akaunganisha mota ya feni, mpini wa ufagio na foronya, akapata hataza, yaani hati ya kumiliki ubunifu wake, mwaka 1908, kisha akaiuza kwa familia ya Hoover. Tangu mwanzo, haja ilikuwa kulifungia vumbi ndani ya kitu.

Unapotumia mashine, nenda polepole, upite kila sehemu kwa pande mbili, na mtoto awe chumba kingine hadi hewa itulie. Mbwa asiingie chumba cha kulala cha mtoto. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzi 60 za Selsiasi, kwa kuwa utitiri ulio hai hushikilia nyuzi za kitambaa na mashine haiwezi kuung'oa wote. Mwandikie mwenye nyumba barua kuhusu yule paka na umwombe abadilishe zulia au aling'oe, angalau katika chumba cha mtoto, maana hakuna mashine inayoshinda sakafu tupu inayopanguswa kwa kitambaa chenye unyevu. Na dawa ya kuvuta aliyoandikiwa na daktari isiachwe hata wiki moja kwa sababu nyumba imekuwa safi.

Kutoka: mwanachama, Nakuru (fundi wa stima)

Mama, shemeji yangu wa Kisumu amesema vema. Naomba kuongeza kuhusu kile cha kuletwa Nakuru, kwa sababu mashine za namna hii huletwa kwangu zikiwa zimeshaungua.

Stima ya Marekani ni volti 120 na hezi 60, yetu ni volti 240 na hezi 50. Kifyonza cha Minneapolis kikichomekwa hapa kwa kubadilisha plagi tu, mota huungua mara moja. Ukisema utatumia transfoma, angalia hesabu: mashine ya ampia 12 kwa volti 120 inakula wati 1440, kwa hiyo inahitaji transfoma ya wati 2000 hivi, mzigo mzito wa chuma ambao mama atalazimika kuuhamisha kutoka chumba hadi chumba. Mashine iliyonunuliwa Uingereza hutumika hapa moja kwa moja, na hata plagi yake ya meno matatu ya mraba ni hii yetu. Ya Ujerumani hutumika pia, ila plagi ibadilishwe na fundi. Kifyonza cha betri cha Marekani kinaweza kuletwa ikiwa chaja yake imeandikwa 100–240V, basi someni maandishi hayo kabla ya kulipa.

Ulizeni kwanza mama ana sakafu gani. Nyumba nyingi hapa zina vigae au saruji, na zulia moja tu sebuleni, hivyo cha kusimama kisichozimika brashi kitamrushia vumbi miguuni. Miezi ya Januari na Februari vumbi letu huwa laini na jingi, nalo huziba kichujio upesi. Mleteeni mifuko na vichujio vya ziada pamoja na mashine, maana kuviagiza baadaye huchukua muda. Mwambieni yeye na msaidizi wake wa nyumbani kwamba mashine hiyo haifai kuvuta majivu ya jiko hata yakionekana yamepoa, kwa sababu kaa dogo lililofichika huweza kuwasha mfuko, wala haifai kuvuta maji.

Kutoka: mwanachama, Minneapolis

Asanteni sana. Tumekubaliana tununue chenye mfuko hapa, na cha Nakuru anunue wifi aliyeko Reading, Uingereza. Swali langu la mwisho: vichujio vioshwe?

Kutoka: mwanachama, Kisumu

Kioshwe kile tu ambacho kitabu cha maelekezo kinaruhusu. Kichujio cha povu, yaani cha sifongo, kilicho kabla ya mota kwa kawaida huoshwa kwa maji baridi bila sabuni, lakini HEPA nyingi za karatasi huharibika zikiloa, nazo hubadilishwa kwa wakati uliotajwa na mtengenezaji. Kilichooshwa kikauke kabisa kwa muda wa saa 24 au zaidi kabla ya kurudishwa, kwa sababu kichujio chenye unyevu huota ukungu, na ukungu nao ni chanzo cha pumu. Hapa Kisumu, kando ya ziwa, hewa ya msimu wa mvua haikaushi kitu upesi. Mimi nina vichujio viwili vya povu, kimoja kikiwa kazini, kingine kikiwa kwenye kamba barazani.