Vifusi vya tope vinaibuka uani kila asubuhi hapa Moshi, ni mnyama gani huyu?

Mama Wawili
Wakuu, habari za majukumu. Naombeni msaada, hili jambo linaninyima usingizi.

Mimi ni mtu wa Tanga, huku Moshi nimeolewa. Mwaka jana tulihamia kwetu Uru: migomba kama 30, viazi vitamu upande wa jikoni, na mfongo (mfereji wa kumwagilia) unapita nyuma ya ua. Tangu masika yaanze, kila nikiamka nakuta vifusi vya udongo mbichi, mweusi. Vidogo ni kama sufuria ya ugali, vikubwa kama beseni. Vimefuatana mstari mmoja kutoka mfongoni kuja hadi karibu na msingi wa nyumba. Jana nimehesabu 14. Kinachonishangaza, hakuna tundu hata moja. Nimechokoa kwa kijiti, ni udongo mtupu wa mabongebonge.

Nilidhani mchwa, nikamwaga maji ya moto. Wapi! Dada wa kazi anasema kuna mtu katufukia kitu, na sasa hataki kuanika nguo kule nyuma. Jirani kaniletea vidonge vile vya kufukizia mahindi, eti nitie kimoja kila kifusi. Nina mbwa, na wanangu wa miaka 3 na 6 wanacheza hapo hapo. Nifanyeje?

Dogo wa Pasua
Pole sana dada. Hao si kaa wa mfongo? Utotoni tulikuwa tunawatoa kwenye kingo, wanachimba matope kweli kweli.

Mkulima Kibosho
Kaa huacha tundu wazi na hakai mbali na maji, asingefika msingi wa nyumba. Mchwa naye, ukivunja kichuguu chake unakuta vijia na wenyewe wamo ndani. Nyungunyungu huacha vinyesi vidogo vilivyojikunja, si beseni zima. Dada, huyo ni fuko.

Fuko anaishi chini ya ardhi karibu maisha yake yote. Anachimba kwa meno ya mbele, ambayo yanatokeza nje hata akiwa amefunga mdomo, ndiyo maana udongo haumwingii kinywani. Ule uliochimbwa anausukuma juu, kisha anaziba. Ndiyo sababu huoni tundu. Na masika udongo ni laini, kazi inakwenda haraka, hivyo vifusi vinaongezeka.

Naomba unijibu jambo moja. Ukivuta shina la kiazi, linakuja na kiazi chake?

Mama Wawili
Jamani! Jumamosi nimevuta mashina matatu, mizizi imekatwa kama kwa kisu na viazi havipo. Nikawasingizia watoto wa jirani. Na kuna mgomba mmoja umeinama wenyewe, hakukuwa na upepo.

Mkulima Kibosho
Basi ndiye. Chakula chake ni mizizi, viazi, mihogo, hata kitako cha mgomba anakitafuna kutokea chini. Anabeba na kuweka akiba shimoni.

Uhakikishe hivi: chukua jembe, katikati ya vifusi viwili vipya tafuta njia yake, huwa kina cha shibiri moja au mbili. Ifungue, uiache wazi. Fuko havumilii njia iliyo wazi, atarudi kuiziba. Ukikuta asubuhi imejazwa udongo, una jibu. Na huyo dada wa kazi mwite ashuhudie kwa macho yake, atatulia.

Duka la Pembejeo
Mama Wawili, kabla hujafanya lolote, vile vidonge usiviguse. Nauza dawa za kilimo, nasema hili kwa uzito wote. Vikipata unyevu vinatoa gesi ya fosfini, na udongo wako sasa umelowa. Njia za fuko zimefika kwenye msingi, na gesi inafuata njia hizo hizo mpaka ndani mlikolala. Mtu akiivuta, hakuna dawa ya kuipindua. Mrudishie jirani leo leo, na umwambie naye asivitumie karibu na nyumba.

Sumu ya panya nayo hapana. Mbwa akifukua fuko aliyekufa na kumla, umempoteza mbwa. Bundi pia, na bundi ndiye anayekusaidia usiku fuko akitoka.

Mzee wa Kihamba
Mwanangu, sisi tumekua na mafuko, usiogope. Dawa yake ni mtego wa fito. Njia ikishafunguliwa, unaweka kitanzi ndani, kamba unaifunga kwenye fito mbichi iliyopindwa na kushikizwa kwa kijiti. Fuko akija anasukuma udongo wa kuziba, anagusa kijiti, fito inaruka juu. Tafuta mzee yeyote hapo Uru akutegee, kwa maneno hutaweza.

Wengine tulipanda mmea wa utupa kuzunguka shamba. Kwangu ulisaidia kidogo, kwa ndugu yangu haukusaidia kabisa. Ukiupanda, majani yasianguke mfongoni, yanaua samaki.

Mama Wawili
Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Leo ni siku ya tano, nawaletea mrejesho.

Nilifungua njia saa 12 jioni. Asubuhi nikakuta imezibwa, udongo umeshindiliwa vizuri! Dada wa kazi amejionea mwenyewe, nguo zinaanikwa tena kule nyuma. Vidonge nimerudisha. Babu wa jirani wa juu alitega mitego miwili, na usiku wa pili akanasa mmoja, wa kahawia, macho kama punje za ulezi. Mstari wa kuja nyumbani haujaongezeka kifusi tangu hapo. Ila leo nimeona viwili vipya upande wa migomba.

Mzee wa Kihamba
Marahaba. Huyo ni mwingine. Kila fuko ana shimo lake, hawakai pamoja, na shimo likibaki tupu mwenzake anaweza kulirithi. Mwombe babu ahamishie mtego mmoja migombani, wa pili auache pale pale. Na viazi vilivyokomaa vichimbe wiki hii.

Duka la Pembejeo
Ukipanda tena, tandika wavu wa kuku wenye matundu madogo chini ya tuta na uupandishe pembeni. Kwa bustani ya jikoni gharama inavumilika, kwa kihamba kizima, yaani shamba lote la migomba, haiwezekani.

Mama Wawili
Nimeelewa. Viazi naanza kuchimba kesho alfajiri.