Mjadala: Je, sheria iyalazimishe maduka makubwa kuonyesha bei kwa kilo na kwa lita?

Mizani Sawa (mleta mada)

Ndugu wachangiaji, naleta hoja inayomgusa kila anayeingia duka kubwa na orodha mkononi. Tuseme kwenye rafu kuna pakiti ya gramu 500 inayouzwa kwa 90, na kando yake pakiti ya gramu 800 ya bidhaa ileile inayouzwa kwa 152. Wengi wetu huichukua kubwa tukiamini kwamba kubwa ndiyo nafuu, ilhali ndogo inatugharimu 18 kwa kila gramu 100 na kubwa inatugharimu 19. Umoja wa Ulaya uliagiza tangu miaka ya tisini kwamba, pamoja na bei ya pakiti, mteja aonyeshwe bei ya kipimo kimoja, yaani kilo au lita, na Australia ikaweka kanuni ya namna hiyo mwaka 2009 kwa maduka makubwa ya vyakula. Je, wajibu huo uwekwe kisheria kila mahali, au mteja aachiwe hesabu yake mwenyewe? Naomba tujadili hoja, watu tuwaache.

Kaunta ya Pili

Napinga. Sheria ya namna hii huja na gharama zake: vibandiko vipya, mashine za kuvichapisha, mfanyakazi wa kuvibadilisha kila bei inapopanda, na mkaguzi wa kuja kuvihakiki. Mwenye duka hatailipa gharama hiyo kutoka mfukoni mwake. Ataipachika kwenye bei ileile mnayoilalamikia. Uzito umeandikwa kwenye pakiti, bei imeandikwa kwenye rafu, na simu yenye kikokotoo mteja anayo. Anayeshindwa kugawanya namba mbili katika hali hiyo hajaibiwa na mtu. Ameibiwa na uvivu wake.

Mama wa Watano

Nilikusudia kusoma na kupita, lakini neno uvivu limenizuia. Ndugu Kaunta ya Pili, orodha yangu ina bidhaa arobaini. Tuseme kila bidhaa ina chapa tatu, na kila chapa ina pakiti za ukubwa wa aina mbili; hapo pana hesabu 240 za kugawanya, nami nina mtoto mgongoni na mwingine ananivuta nguo akitaka tuondoke. Kompyuta ya duka ingeifanya hesabu hiyo mara moja kwa faida ya wateja wote, lakini wewe unataka kila mteja airudie peke yake, kisha anayechoka umwite mvivu. Tena sijawahi kusikia gharama ya kuchapisha ikilalamikiwa pale vinapobandikwa vile vibandiko vyekundu vya ofa. Unazungumza kama mtu anayesimama upande wa ndani wa kaunta, na jina lako linakusaliti.

Mstaafu wa Hesabu

Agizo la Ulaya ni la mwaka 1998, kwa anayetaka kumbukumbu iwe sawa. Nikiwa mtu aliyefundisha kugawanya kwa sehemu kubwa ya maisha yake, namwambia ndugu yangu wa kaunta kwamba tatizo haliishii kwenye kugawanya. Pakiti ikiandikwa kwamba ina asilimia 20 ya ziada kwa bei ileile, wateja wengi huiona sawa na punguzo la asilimia 20, lakini punguzo halisi ni kama asilimia 16.7. Kinyume chake, pakiti ikishuka kimyakimya kutoka gramu 500 hadi 450 na bei ikabaki palepale, mteja amepandishiwa bei kwa zaidi ya asilimia 11 bila tarakimu yoyote kubadilika kwenye rafu. Ufaransa imeliona hilo, na tangu tarehe 1 Julai 2024 maduka makubwa ya huko yanatakiwa kuweka tangazo karibu na bidhaa iliyopunguzwa ujazo huku bei yake ya kipimo ikiwa imepanda. Hata mwanafunzi wangu hodari angenaswa hapo, kwa sababu ili aligundue angelazimika kuukumbuka uzito wa zamani.

Nina la ziada pia. Clarence Saunders alipofungua duka lake la Piggly Wiggly mjini Memphis, Marekani, mwaka 1916, mteja alianza kujichukulia bidhaa rafuni, kazi iliyokuwa ya karani. Karani ndiye aliyekuwa akipima na kufunga. Kazi hiyo ilihamishiwa kwetu na leo tunaambiwa tumeifanya kivivu.

Kaunta ya Pili

Shikamoo mwalimu. Historia yako inaniunga mkono: mteja alikubali kazi ya karani kwa sababu kufanya hivyo kulishusha bei, basi aifanye kazi hiyo mpaka mwisho. Ama wewe, Mama wa Watano, umenihukumu kwa jina. Sina duka na sijawahi kuwa nalo. Nilipanga bidhaa rafuni katika duka moja kubwa, usiku, wakati wateja wamelala, na ninayajua mambo ambayo hakuna kibandiko kitakachoyatibu. Rafu iliyo sawa na macho ni mahali pa kugombewa, na wapo wasambazaji wanaolipa ili bidhaa zao zikae hapo. Chapa ya duka lenyewe, ambayo mara nyingi ndiyo ya bei ya chini, tuliipanga karibu na sakafu. Anayetaka nafuu na ainame.

Mama wa Watano

Mnasikia? Aliyekuwa akitufichia bidhaa za bei nafuu miguuni ndiye anayetuita wavivu. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa kibaya kimekodishiwa kiti mbele ya macho yetu.

Kaunta ya Pili

Sikuficha kitu, niliagizwa. Tena chapa ya bei ghali si lazima iwe mbaya, kwa hiyo methali yako hapa haifanyi kazi.

Risiti Ndefu

Naomba kuuliza jambo linaloihusu mada moja kwa moja. Siku hizi rafu moja ina bei mbili, ya mwenye kadi ya duka na ya asiye nayo. Bei ya kilo itapigwa kwa ipi? Isipoelezwa kwenye sheria, kila duka litachagua tarakimu inayolipendezesha. Nchini Uingereza mamlaka ya ushindani wa biashara ilizichunguza ofa za kadi katika bidhaa takriban 50,000, na mwaka 2024 ikatangaza kwamba asilimia 92 kati yake zilikuwa na punguzo la kweli. Watu waliipokea habari hiyo kana kwamba mjadala umefungwa, lakini ulinganisho huo ulifanywa na bei ya kawaida ya duka lilelile. Punguzo linaweza kuwa la kweli kabisa na duka la jirani bado likawa na bei ya chini zaidi. Mimi huhifadhi risiti na kuandika kwenye daftari bei ya kilo ya bidhaa zile chache ambazo hunimalizia fedha. Nyingine sihangaiki nazo.

Mkazi wa Chumba Kimoja

Nimewasoma wote, na kila mmoja anadhani shida ni kujua. Mimi najua. Najua kwamba sabuni ya unga ya kilo tano ina bei ndogo kwa kilo kuliko kifuko cha gramu 50, na ningeweza kumtajia tofauti yake yule aliyetuita wavivu. Lakini nalipwa kwa siku, na fedha ya leo inatosha kifuko cha leo. Hata ningepata fedha ya kilo tano, chumba nilichonacho ni kimoja na unyevu wake haubagui. Bandikeni bei ya kilo mpendavyo. Kwangu kibandiko hicho kitakuwa kama mizani ya hospitali, kitanieleza hali yangu na hakitaniongezea kitu. Kwa nini asiye na fedha ndiye auziwe ghali? Hilo ndilo lingeandikiwa sheria.

Kaunta ya Pili

Sikukutaja wewe, na sheria ya hilo haipo na haitakuwapo. Kufunga gramu 50 mara mia moja kunahitaji plastiki nyingi, kazi nyingi na nafasi nyingi garini kuliko kufunga kilo tano mara moja. Tofauti hiyo ni gharama halisi.

Mstaafu wa Hesabu

Marahaba, nilichelewa kuitikia. Gharama ya kufunga ipo, lakini inaeleza sehemu tu ya tofauti. Kama ingekuwa gharama peke yake, ile pakiti ya gramu 800 ya mleta mada isingekuwa ghali kuliko ya gramu 500. Mfungaji anaokoa plastiki na bado anaongeza bei, kwa sababu anajua tunaamini kubwa ni nafuu.

Mshirika

Ndugu wa Chumba Kimoja, swali lako lilijibiwa zamani na watu wasiokuwa na fedha. Mwaka 1844 wafanyakazi wa Rochdale nchini Uingereza, wanachama 28, walichanga mtaji kidogokidogo wakafungua duka lao wenyewe, wakaanza na siagi, sukari, unga, oti za kupikia uji na mishumaa. Bidhaa ziliuzwa kwa bei ya kawaida na vipimo vya haki, na ziada iliyopatikana ikarudishwa kwa wanachama kulingana na manunuzi ya kila mmoja. Hata bila duka, majirani watano wanaweza kununua gunia moja na kugawana. Anayelipwa kwa siku atoe kila siku, gunia linunuliwe mwisho wa wiki.

Mweka Hazina Aliyechoka

Mshirika anaandika kama mtu ambaye hajawahi kushika fedha za wenzake. Niliziweka fedha za kikundi cha namna hiyo. Gunia halikututenganisha hata siku moja. Kilichotutenganisha ni mmoja kuchelewa kutoa na kufika wa kwanza kuchukua, mwingine kudai fungu lake limepunjwa, na mwishoni minong'ono kwamba nilijiwekea mabaki. Senti tulizookoa kwa kilo tulizilipia kwa ujirani.

Mshirika

Nimewahi kuzishika, ndugu yangu, na sikusingiziwa kwa sababu tulipima mbele ya wote na kuandika. Usipime chumbani kisha ushangae watu wakinong'ona.

Mweka Hazina Aliyechoka

Nani amekwambia nilipima chumbani?

Mizani Sawa (mleta mada)

Wapendwa, naomba turejee kwenye sheria. Dada Risiti Ndefu ameuliza swali zito kuhusu bei mbili na hakuna aliyemjibu. Maoni yangu ni kwamba bei zote mbili ziandikiwe bei ya kipimo, kwa ukubwa uleule wa herufi.

Kaunta ya Pili

Vibandiko viwili badala ya kimoja. Nilisema gharama zitaongezeka, nikaambiwa niko upande wa ndani wa kaunta.

Mama wa Watano

Gharama ya karatasi unaikumbuka, neno ulilotuita hulikumbuki. Nami naongeza kwenye sheria hiyo: ofa za chukua tatu ulipe mbili nazo zionyeshe bei ya kipimo kwa anayechukua moja na kwa anayechukua tatu. Ya tatu ikioza, umelipia mbili na umetumia mbili. Hapo hakuna ulichookoa.

Mkazi wa Chumba Kimoja

Mshirika, kwetu hapa wapangaji ni wanne, na mmoja huhama kila baada ya muda mfupi. Akiondoka katikati ya wiki kabla ya gunia kununuliwa, fedha yake inakuwaje?

Mshirika

Arudishiwe yote siku anayoondoka, kabla hajafungasha, na iandikwe mbele ya waliobaki. Kwa sababu hiyo msinunue kwa mkopo, na fedha isilale kwa mtu mmoja. Kisanduku kikae kwa mmoja, ufunguo kwa mwingine. Anzeni na vitu visivyooza wala kumwagika, kama sabuni na chumvi, na mizani mkaazime kwa mtu asiye mwanachama.