Manjano ya sokoni, vidonge au zafarani: nimchukulie dada ipi?

Mwanakirumba: Wakuu, habari za jioni. Dada yangu ana sonona tangu mwaka jana, na baridi yabisi inamtesa vidole. Nimesoma kwamba mcharuko, yaani mwili kuwaka na kuvimba kwa ndani, unaweza kuchangia sonona, na kurkumini iliyomo kwenye manjano huupunguza. Kesho napita Soko Kuu. Nichukue manjano mabichi, vidonge, au zafarani? Bei ya zafarani inanitisha.

Bi_Nyegezi: Mabichi, mwanangu! Kipande cha kidole kimoja, ponda, chemsha na maziwa, tia pilipili manga punje tano. Miaka sita natumia.

Dawa_Igoma: Anatumia dawa gani? Ana umri gani? Mjamzito? Bila hayo tunapiga ramli. Unga wa manjano una kurkumini kama asilimia 3 tu, na utumbo hufyonza kidogo. Pilipili manga huongeza sana, utafiti wa 1998 ulipata mara 20, kwa sababu huzuia mwili kuivunja. Ila na dawa nyingine huzuiwa kuvunjwa vilevile.

Mkerewe: Mimi yamenikuta. Mama alikuwa anameza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa ajili ya moyo. Baba alipofariki akanyong'onyea, hali, hasemi. Nikamnunulia vidonge vya manjano duka moja la mjini, muuzaji akaniambia "huo ni mmea tu". Wiki ya tatu nikakuta mswaki wake kwenye kikombe, nyuzi zote nyekundu. Akasema ni fizi. Kesho yake mkono una michubuko ya bluu pale alipogusa tu ukingo wa kitanda. Tukapanda meli kuja Mwanza, wakapima: damu imekuwa nyepesi kupita kiasi. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini vile vidonge nilivinunua mimi.

Mwanakirumba: Pole sana ndugu yangu. Dada anatumia fluoksetini ya sonona, na metotreksati ya viungo. Shemeji aliyeko Ujerumani naye anatuma Hypericum, ule mmea wanaotumia kule kwa sonona.

Dawa_Igoma: Hilo ndilo ungeanza nalo! Hypericum na fluoksetini ASICHANGANYE. Vyote viwili hupandisha serotonini, kemikali ya ubongo; ikizidi, mtu hutetemeka, homa, moyo mbio, anaweza kufa. Metotreksati nayo hulemea ini, na vidonge vya kurkumini vimewahi kuumiza ini za watu. Manjano ya kwenye mchuzi sina ugomvi nayo.

Msomaji_Buhongwa: Tena si kila sonona ina mcharuko. Mwaka 2013 Marekani walijaribu infliksimabu, dawa ya baridi yabisi inayozima mcharuko, kwa wagonjwa ambao dawa za sonona zilikuwa hazijawasaidia vya kutosha. Kwa jumla haikufua dafu, ila wenye CRP ya juu, yaani kipimo cha damu kinachoonesha mcharuko, walionesha nafuu. Zafarani kwa sonona imejaribiwa zaidi Iran, miligramu 30 kwa siku, kwa makundi madogo.

Bi_Nyegezi: Huko sokoni omba manjano, usiseme binzari, watakupa ya pilau.

Mkerewe: Mama, sisi binzari ndiyo hiyo hiyo manjano. Ya pilau ni binzari nyembamba.

Bi_Nyegezi: Si kwa wauzaji wa huku.

Mwanakirumba: Daktari wake tunamwona Alhamisi, nitamuuliza na hiyo CRP. Ila shemeji anasema mzigo keshautuma.