Ile programu ya hisa mnayoijua imefunga tiketi na kutuwekea kitabasamu. P/E 4.4!!!

MzeeWaMizania (mleta uzi)

Wakuu, jina silitaji. Mnaijua. Ile inayojitangaza kila unapofungua video, yenye kauli kwamba mabroka wote duniani wataenda kuuza maji. Hiyo hiyo. Ya kulipia, tena kifurushi cha juu.

Fungueni ukurasa wa TSMC, watengeneza chipu wa Taiwan, ile ADR (hati ya hisa za kampuni ya nje) inayouzwa New York. P/E 4.4. Yaani bei ya hisa ni mara nne nukta nne tu ya faida ya mwaka kwa hisa! Pembeni kuna kibandiko cha kijani: BEI CHEE. Kampuni ambayo Apple na Nvidia wanapanga foleni mlangoni kwake inanadiwa kama mtumba wa saa kumi na mbili jioni.

Nikafungua tiketi ya malalamiko kwao. Hesabu ikawekwa humo wazi, hata mtoto wa darasa la nne haachwi nyuma. Faida kwa hisa ya mwaka 2024 ni dola za Taiwan 45.25, kwa hisa moja ya kawaida. ADR moja ni hisa 5, kwa hiyo ni 226.25. Gawa kwa 32.1, wastani wa kubadilishia wa mwaka ule, unabaki na dola 7 za Marekani na senti chache. Chukua bei ya mfano ya dola 200: P/E inatoka 28 na ushee. Wao wamechukua 200 wakagawa kwa 45.25. Juu dola za Marekani, chini dola za Taiwan. Juu ADR, chini hisa moja ya kawaida. Wamekoroga vyote, wakapiga muhuri wa kijani.

Jibu lao, neno kwa neno: "Tatizo limetatuliwa 😊". Tiketi imefungwa.

Onyesha ukurasa upya: 4.4.

Wangekaa kimya ningewaelewa. Wangetukana ningewaelewa zaidi. Lakini KITABASAMU? Limetatuliwa wapi? Na nani? Namba iko palepale, imekaa, imekunja nne, na wao wanacheka na mteja!

---

SitiYaMbele

Nimewahi kiti. Leteni mambo.

---

ChatiNyekundu

Gazeti lote hili, kumbe ugomvi ni emoji 😂😂 Mkuu kunywa maji.

---

BintiHisa

Mleta uzi, shukuru wamekosea mara mbili kwa mpigo, maana makosa yamepunguzana. Wangekumbuka kuzidisha kwa 5 wakasahau sarafu, ungeona P/E 0.88. Wangebadili sarafu wakasahau ile 5, ungeona 142. Kwa hiyo ukikutana na ADR yenye P/E ya ajabu, namba yenyewe inakuambia ugonjwa. Kwa TSMC hapa: chini ya 1 ni sarafu, mia na kitu ni uwiano, 4 na kitu ni vyote viwili.

Na uwiano haufanani. Alibaba ADR moja ni hisa 8, Toyota ni 10. Unaandikwa ukurasa wa mbele wa ripoti ya mwaka inayopelekwa SEC, msimamizi wa masoko ya hisa Marekani. Hakuna sababu ya programu ya kulipia kuukosa.

---

MzeeWaMizania

BintiHisa, nakubali yote. Lakini umeona walivyojibu? Kwa KITABASAMU!

---

MchimbaFaili

Mnalipia nini nyie? EDGAR, hifadhi ya SEC ya ripoti za kampuni, ni bure. Ingia tovuti ya SEC, andika alama ya kampuni, fungua orodha ya faili. Kwa TSMC msitafute 10-K, hamtaipata mpaka mzeeke. Ni kampuni ya nje, inaleta 20-F kwa mwaka na 6-K katikati. Kampuni za Marekani ndizo zenye 10-K ya mwaka na 10-Q ya robo mwaka. Utafutaji wa maneno ndani ya faili nao upo, unarudi nyuma hadi 2001.

Anayetaka namba tupu achukue API yao (njia ya programu yako kuvuta data moja kwa moja), data.sec.gov. Namba ya kampuni, yaani CIK, lazima iwe tarakimu 10, kwa hiyo jazia sifuri mbele. Apple ni 0000320193. Ukiweka 320193 peke yake hupati kitu, kisha utakuja hapa kufungua uzi wa kulia.

---

KodiMpya

Nimejaribu sasa hivi, inanipa 403, yaani nimekatazwa kuingia. Bure gani hiyo?

---

MchimbaFaili

Hujajitambulisha. Kwenye ombi lako weka User-Agent, yaani utambulisho wa programu yako, yenye jina na barua pepe. Na usizidishe maombi 10 kwa sekunde, watakufungia mlango. Yote yameandikwa kwao, ila kusoma ndiyo kazi.

Halafu jiandae: robo ya nne humo haipo. Kampuni inaleta robo tatu, kisha mwaka mzima. Robo ya nne unaitafuta mwenyewe: mwaka mzima toa miezi tisa. Na mtiririko wa fedha kwenye 10-Q ni wa kujumlisha tangu mwaka wa fedha uanze. Namba ya robo ya pili ni ya miezi sita. Kuna programu humu mitandaoni, za kulipia, zinachora miezi mitatu, kisha sita, kisha tisa, zikipanga kama robo robo, na mtu anashangilia kwamba fedha zinakua kila robo. Kisha mwaka mpya ukianza "zinaanguka". Hamna kilichokua wala kilichoanguka.

Lebo ya mapato kwenye API nayo ilibadilika kwa kampuni nyingi kanuni mpya ya kutambua mapato ilipoanza 2018. Ukivuta lebo moja tu, historia inakatika hapo kama kampuni ilizaliwa jana. Unganisha lebo ya zamani na mpya.

---

GawioTamu

Afadhali nyie mmekosewa P/E. Mimi na wapenda gawio wenzangu tunaibiwa mchana kweupe na vichujio, vile vya programu vya kuchagulia hisa. Costco Januari 2024 walitoa gawio maalumu la dola 15 kwa hisa. Gawio lao la kawaida wakati ule lilikuwa dola 1.02 kwa robo. Kichujio kikajumlisha kila kitu cha miezi 12. Kwa bei ya dola 700 hivi, badala ya kuonyesha 0.6% kikaonyesha karibu 2.7%, na mwaka mzima Costco ikakaa kwenye orodha ya "wafalme wa gawio".

Programu nzuri inakupa namba mbili: lililolipwa miezi 12 iliyopita, na gawio la kawaida la mwisho mara nne. Zikitofautiana sana, fungua historia ya malipo uone kipi kimeingia. Ikikupa moja tu bila kusema ni ipi, ifute.

---

PeniNaPauni

Gawio? Njooni London mlie vizuri. Hisa nyingi za kule zinanukuliwa kwa peni, GBX, siyo pauni. Hisa ya peni 2,500 ni pauni 25. Gawio la pauni 1 ni 4%. Programu inayodhani 2,500 ni pauni inakuonyesha 0.04%. Ikikosea upande wa pili, bei pauni 25 na gawio 100, inakuonyesha 400%. MIA NNE! Ukipanga orodha kuanzia gawio kubwa, ukurasa wa kwanza wote ni takataka hizo. Thamani ya kampuni kwenye soko nayo inazidishwa mara mia, duka la kawaida linakuwa kubwa kuliko Microsoft.

---

GawioTamu

Yangu bado ni mbaya zaidi. Ya 400% mtu anaiona kwa macho. Ya 2.7% inapita kimya kimya na suti.

---

PeniNaPauni

Hiyo 0.04% je? Hiyo haionekani kabisa, kampuni nzuri inachujwa nje na wewe hujui hata kama ilikuwepo.

---

MtunzaEkseli

Nyie wote subirini. Nvidia waligawanya kila hisa 1 kuwa 10, biashara kwa bei mpya ikaanza tarehe 10 Juni 2024. Kuna programu ilituma tahadhari usiku: IMEPOROMOKA 90%. Watu wenye presha wapo duniani jamani.

Kipimo changu kwa chombo chochote: fungua chati ya Nvidia Juni 2024, kisha ya GE Agosti 2021, ambao wao waliunganisha hisa 8 kuwa 1. Ukiona genge kwa Nvidia au mlingoti kwa GE, funga kivinjari. Ukiona laini, usishangilie bado, angalia faida kwa hisa za nyuma. Wengi wanarekebisha bei wanasahau faida, na P/E ya Nvidia ya nyuma inatoka moja ya kumi ya ile halisi. Tena nayo wanaipakia kijani, "wastani wa kihistoria".

Na bei iliyorekebishwa kwa gawio ni kitu kingine. Inafaa kupima faida yote ya aliyeshika hisa muda mrefu. Kupiga nayo P/E ya 2010 ni makosa, maana bei hiyo imeshushwa, hakuna aliyewahi kununua kwa bei hiyo.

---

ChatiNyekundu

Hivi mleta uzi yuko wapi?

---

MzeeWaMizania

Nipo. Nimeandika tiketi nyingine. Majibu ya moja kwa moja ya mashine: "Tunafurahi kukuhudumia 😊". Sasa hata mashine inacheka!

---

KikotooBubu

Mizania, chukua pole zangu, ila ulikuwa unategemea nini kwa programu inayopiga P/E kwa kila kinachotembea? Mwone Berkshire Hathaway, ile kampuni ya Marekani yenye biashara zake na hisa za kampuni nyingine kibao. Tangu 2018 kanuni za Marekani zinalazimisha kupanda na kushuka kwa bei za hisa walizonazo kupite kwenye faida, hata kama hawajauza. Mwaka 2022 wakaandika hasara ya dola bilioni 22 na ushee, wakati biashara zenyewe zilitengeneza zaidi ya bilioni 30. Programu ikasema "inatengeneza hasara", nyekundu pyu. Na hapo bado hujafika kwenye hisa zao za daraja A na B, ambapo A moja ni B 1,500. Kuna chombo kilichukua bei ya B na faida ya A.

Benki nazo wanazipigia EV/EBITDA, yaani thamani ya kampuni pamoja na madeni, gawa kwa faida kabla ya riba, kodi na uchakavu. Benki! Riba ndiyo biashara yenyewe, wewe unaitoa, unabaki na nini?

---

BintiHisa

Na msijidanganye kwa kulinganisha programu mbili. Nyingi zinanunua takwimu kwa muuzaji mmoja. Kosa likiwa kisimani, wote wanachota kosa hilo hilo, halafu mtu anasema "nimehakikisha sehemu tatu". Chini ya ukurasa, kwa maandishi ya sisimizi, wanataja takwimu zimetoka wapi. Soma hapo kwanza. Linganisha na ripoti ya kampuni yenyewe, basi.

Pia wanaojisifu bei za papo hapo bure, angalieni ujazo. Wengine wanachukua bei za soko moja tu, kama IEX, ambako inapita sehemu ndogo ya biashara yote ya Marekani. Bei iko karibu na kweli, ila ujazo unaouona ni kijisehemu, na wewe unaandika "hakuna anayeinunua".

---

KodiMpya

403 imeondoka, asante Mchimba. Sasa roboti la kufupisha ripoti vipi, mnalitumia? Langu limenipa faida ya robo ambayo kwenye faili haipo.

---

MchimbaFaili

Liambie likupe ukurasa na jedwali. Likishindwa, hiyo namba limeitunga. Na hata likitaja, fungua uone.

---

SitiYaMbele

Swali la kijinga. Kibandiko cha kijani cha mleta uzi, si ni kampuni ya Taiwan? Kule kijani maana yake bei imeshuka. Nyekundu ndiyo kupanda.

---

ChatiNyekundu

😂😂😂 Kumbe walikuwa wanamwonya!

---

PeniNaPauni

Acheni utani, hili ni tatizo kweli. Taiwan, China, Japani na Korea Kusini, nyekundu ni kupanda. Ukihamisha mipangilio ya lugha, programu nyingine zinageuza na rangi bila kukuuliza. Unafungua asubuhi kila kitu kijani, unafurahi, kumbe umefilisika.

---

GawioTamu

Kijani ni kupanda, mjadala umekwisha.

---

MtunzaEkseli

Umekwisha kwako. Wasiotofautisha nyekundu na kijani je? Weka bluu na chungwa. Au mishumaa, vile vijisanduku vya bei kwenye chati, mitupu kwa kupanda na iliyojaa kwa kushuka, hata ukichapisha kwa wino mweusi unaelewa.

---

GawioTamu

Mishumaa mitupu haionekani kwenye simu. Nani anachapisha chati karne hii?

---

KikotooBubu

Mimi nachapisha.

---

PeniNaPauni

Tumejua.

---

ChatiNyekundu

Mods, badilisheni kichwa cha uzi kiwe RANGI ZA CHATI, na mtu aniambie kwenye simu mpangilio wa rangi uko wapi, maana huu wa kwangu umefichwa chini ya "Akaunti", sijui nani alifikiria hivyo.