Wananchi wana haki ya kuiondoa serikali dhalimu?

Kinyozi wa Kawangware: Wazee, hapa kinyozi tumebishana hadi mteja akaondoka kanyolewa nusu kichwa. Tangazo la Uhuru la Marekani la 1776 lasema watu wote wameumbwa sawa, na serikali ikivunja haki zao, wanaweza kuiondoa. Katiba yetu ya Kenya je?

Wakili Mtaani: Kifungu cha 1, ndugu yangu: mamlaka yote kuu ni ya wananchi. Ila cha 3 kinaharamisha kuunda serikali nje ya Katiba. Zinabaki kura, mahakama na maandamano ya amani, kifungu cha 37.

Mama Mboga: Usawa gani? Jefferson, aliyeandika rasimu ya Tangazo hilo, alimiliki watumwa!

Kinyozi wa Kawangware: Ndivyo alivyonirushia mteja, mashine ikiwa bado kisogoni. Na kifungu cha 104 cha Katiba yetu, cha kumwondoa mbunge kabla ya muhula kuisha, mbona hakitumiki?