Hatia imetenguliwa: je, fidia na usafishaji wa kumbukumbu hufuata vyenyewe?

Swali
Habari zenu. Ndugu yangu ameachiwa huru baada ya hatia yake kutenguliwa, lakini kila anapoomba kazi jina lake bado linatokea kama la mfungwa wa zamani, na hakuna aliyemweleza habari za fidia. Je, serikali hailazimiki kumlipa na kumsafisha mara mahakama inapotamka kwamba alifungwa bila haki?

Jibu la 1
Poleni sana. Msingi wa fidia ni ibara ya 14(6) ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966: aliyehukumiwa kwa hukumu ya mwisho, yaani isiyoweza tena kukatiwa rufaa ya kawaida, kisha hatia ikatenguliwa kwa sababu ya ukweli mpya unaoonyesha wazi kwamba haki ilipotoshwa, atafidiwa kwa mujibu wa sheria, isipokuwa yeye ndiye aliyeuficha ukweli huo. Sharti la hukumu kuwa ya mwisho huwaangusha wengi, kwa kuwa aliyeshinda rufaa ya kawaida mara nyingi hahesabiwi. Someni kwanza sababu za uamuzi.

Jibu la 2
Nchi hutofautiana mno. Texas hulipa dola 80,000 kwa kila mwaka wa kifungo. Japani ina kikomo cha yen 12,500 kwa siku, na ndiyo maana Iwao Hakamada, aliyehukumiwa kifo mwaka 1968 na kuonekana hana hatia mwaka 2024, alipewa takriban yen milioni 217. Uingereza, tangu 2014, humtaka mwombaji aonyeshe pasipo shaka ya maana kwamba hakutenda kosa, na kwangu hilo ni dhuluma ya pili, kwani mtu aliyekwisha kushinda mahakamani anabebeshwa upya mzigo wa kujitetea.

Jibu la 3
Msisubiri fidia ndipo mshughulikie kumbukumbu, kwa sababu ni maombi mawili tofauti, na hili la pili ndilo linalomzuia kula leo. Mahakama, polisi na magereza huweka majalada yao kila mmoja kivyake, na uamuzi wa rufaa unaweza kukaa miaka bila kufika kote. Chukueni nakala ya uamuzi iliyothibitishwa na mahakama, mwandikieni kila mmoja mkiomba kumbukumbu zirekebishwe na alama za vidole ziondolewe pale sheria inaporuhusu, kisha daini jibu la maandishi. Angalieni pia kama aliachiwa kwa msamaha tu: katika nchi nyingi msamaha huondoa adhabu, lakini hatia hubaki kwenye jalada, na hapo itabidi kurudi mahakamani kwanza.