Naomba ushauri: kaka astaafu sasa akiwa na 55 au asubiri 60?

Habari zenu ndugu zangu. Kaka yangu ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, aliajiriwa 1997, na sasa ana miaka 55. Anataka kustaafu kwa hiari. Nyumba ya Pongwe imeishia kwenye lenta, na kila jioni anageuza karatasi ya mshahara na kupiga hesabu upya nyuma yake kwa penseli.

Kinachomkosesha usingizi ni kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu mafao ya kustaafu. Mwaka 2018, baada ya mifuko ya pensheni kuunganishwa kuwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, mkupuo (sehemu ya pensheni unayolipwa mara moja ukistaafu) ulitajwa kuwa 25%. Watumishi wakalia, Rais Magufuli akasitisha. 2022 ikaja 33%, kisha bajeti ya 2024/25 ikaipandisha hadi 40% kwa kundi lililokuwa likipata 50% kabla ya mabadiliko hayo. Anasema, "Dada, nani ananihakikishia nikifika 60 haitashuka tena?"

Wifi anamwunga mkono. Mimi moyo unasita. Akitoka sasa anapoteza miaka mitano ya mshahara na michango, na pensheni ya kila mwezi ndiyo itakayomlisha akishazeeka. Ila hofu yake siipuuzi: serikali yenyewe ilikaa miaka mingi na deni la michango ya walioajiriwa kabla ya 1999, na yeye yumo humo.

Mliostaafu na 55, pensheni ya mwezi inatosha kweli? Na kumbukumbu za ajira za miaka ya tisini zilionekana zote, au mlihangaika? Nisaidieni kabla hajaandika barua.